Siku Baba Alipoingia Meli ya Angani

Miaka ile ya soko huria, karibu kila kitu kilifika Bariadi kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine: makoti, baiskeli, redio, na mwishowe kompyuta. Tajiri yangu, Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa, alileta moja kutoka Dubai, akaiweka chumba cha pembeni na kubandika mlangoni karatasi kwamba tunachapa barua na kutoa fotokopi. Mchapaji nilikuwa mimi. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa amesahau mchezo humo ndani, na mchana wateja wakikauka nilikuwa naucheza. Wala sioni haya kusema.

Mchezo wenyewe, unaamka peke yako ndani ya meli ya angani, mbali kabisa na dunia, na wenzako wote wametoweka. Humwoni unayemchezea. Unaona kwa macho yake tu, na mikono yake ikijinyoosha kufungua milango. Kazi yako ni kutafuta chombo kidogo cha kukurudisha nyumbani. Hakuna kupiga mtu risasi. Ni kutembea, kusoma maandishi na kukumbuka ulikopita. Mimi nilikuwa sikumbuki kitu. Wiki tatu nilizunguka kwenye korido zilezile, nikiitukana meli na walioiunda, mpaka tajiri akachungulia kuuliza nagombana na nani.

Wiki hiyo ya tatu ndiyo niliyokuwa na baba mjini. Miezi miwili kabla, alianguka shambani kwake Ngulyati wakati wa kuchuma pamba, akalala siku tatu, akaamka. Tukasema ni malaria, tukashukuru Mungu. Kisha yakaanza mambo. Akitoka mnadani aliipita njia ya kuingia nyumbani kwake, njia aliyoikanyaga tangu utoto, akaendelea kutembea hadi watu wa kijiji kingine wakamrudisha. Siku nyingine alisimama kwenye zizi lake akasema nusu ya ng'ombe wameibwa, na ng'ombe wote wapo, wanacheua. Aliyekuwa amesimama naye ni mdogo wake, baba yangu mdogo anayekaa Zagayu, naye aliona anaitwa mwizi mbele ya watu.

Basi ukoo ukapanga kikao cha Jumamosi. Wangemnyang'anya baba usimamizi wa ng'ombe na mashamba, wampe baba mdogo, na baba mwenyewe ahamishiwe Zagayu akatunzwe kama mtoto. Hakuna aliyesema neno kichaa, lakini lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mimi niliomba nikae naye mjini siku chache kabla ya hapo. Nilisema nataka apumzike. Ukweli ni kwamba nilitaka niwe na baba yangu kidogo kabla hajageuzwa mzigo wa watu, na nilikuwa naogopa kwamba wana haki.

Sikuweza kumwacha chumbani peke yake, kwa hiyo nilikwenda naye kazini. Siku ya Jumatano hapakuwa na mteja. Nikamwekea kiti karibu yangu nikafungua mchezo.

"Huyu anayetembea ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Mbona sikuoni?"

"Wewe unajiona ukitembea?"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Baadaye akawa anatazama kwa makini, akaniuliza watu wa mle wamekwenda wapi bila kuaga, na nani anafagia nyumba kubwa namna ile. Kisha akaanza kuniongoza. Wazee wa kwetu hawana habari na kulia na kushoto. Kwao hata kikombe mezani kinasogezwa kwa pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Kompyuta yetu ilikuwa imeegemezwa ukuta wa kaskazini, na baba akakata shauri kwamba meli nayo imelala hivyohivyo, kana kwamba imetua hapo Bariadi nyuma ya duka la vitambaa.

"Sasa unaelekea kiya," alisema nilipokata kona. "Ukiendelea utarudi kwenye kile chumba chenye maji. Geuka dakama."

Nilitaka kumwambia angani hakuna dakama. Nikageuka ili kumridhisha, na pakatokea korido ambayo sikuwahi kuiona. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Nikigeuka mara tano, baba anajua naelekea wapi; mimi niliyeshika mashine sijui. Mtu aliyerukwa na akili anawezaje kubeba kichwani meli nzima?

Tukafika kwenye ukumbi mmoja mrefu, tukiwa tunatazama kaskazini.

"Hapa palikuwa na mlango upande wa ng'weli," baba akasema. "Tulitokea hapo. Nani ameuziba?"

Mlango ulikuwapo. Ulikuwa kushoto kwenye kioo, wazi, una taa ya bluu juu yake. Nikajiambia, haya, ndiyo hayo wanayosema. Kwa hasira tu, hasira ya kumhurumia mtu, nikageuza macho ya yule mtu wa mchezo taratibu kuelekea kushoto, na mlango ukasogea hadi katikati.

"Si huu hapa!" akasema baba. "Umezibuka."

Nikarudi nilipokuwa. Mlango ukaenda tena kushoto.

"Umezibwa tena, mayu." Aliniita hivyo, mama, kama wazee wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Nikaurudisha. Ukaonekana. Nikauondoa. Haukuonekana. Nadhani nilifanya hivyo mara sita. Kisha nikamwambia aendelee kutazama mbele, nikachukua kalamu, nikaipitisha taratibu kutoka upande wake wa kushoto. Baba hakupepesa. Kalamu ilipofika puani akashtuka, akasema usinichome jicho.

Njia ya kuingia nyumbani, ukitoka mnadani, iko kushoto. Nikakaa chini sakafuni pale pale na kulia kwa sauti, na tajiri akaja mbio na futi ya kupimia vitambaa mkononi akidhani kuna mwizi. Nilipomweleza, alilishika bega la baba, akasema, "Alhamdulillahi. Shikamoo mzee. Binti, funga hapa, mpeleke hospitali sasa hivi."

Daktari alimfanyia jambo lilelile kwa kidole. Akasema kiharusi kilipita siku ile shambani, kikamchukulia upande mmoja wa kuona, na mwenye tatizo hilo mara nyingi hajui kama analo. Akili yake nzima. Presha atapewa dawa, na afundishwe kugeuza kichwa. Nilimwomba daktari aseme tena hilo la akili. Akasema tena, akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Jumamosi baba mdogo alikuja Ngulyati amevaa koti la kikao. Nilizungumza kabla ya wazee, jambo ambalo binti hafanyi, na sikungoja kuruhusiwa. Tukamsimamisha baba zizini, akitazama mbele, na baba mdogo mwenyewe akamswaga ng'ombe mweupe kutoka kushoto. Baba hakumwona mpaka pembe zilipomfika kifuani. Baba mdogo akavua kofia. Alisema mbele ya wote kwamba ng'ombe ni wa kaka yake na wabaki kwa kaka yake, akaomba maziwa wanywe pamoja. Nilijisikia mwepesi, na njaa, na nilitaka kumtania kila mtu.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gogo la kuni. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atapiga vigelegele, lakini alikuwa analia bila sauti.

"Tukila, mimi hukaa upande wa mkono wake wa kushoto," alisema. "Tangu aliponioa. Miezi hii miwili hajanitazama hata mara moja. Nilijua amenichoka, nikanyamaza."

Alijifuta uso kwa khanga, akaingia ndani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri maziwa. Mama alichukua kigoda chake, akazunguka nyuma ya baba, akakaa upande wa pili.

Baba akamtazama.

"Umekonda," akamwambia.