Kitambaa Juu ya Makintosh

Mimi nilikuwa mtu muhimu sana pale hotelini, na msije mkadhani natania. Mpishi akiugua, wageni walikula mkate na siagi wakanyamaza. Nikiugua mimi, menyu ya chakula cha jioni haikuchapwa, na tajiri wetu, Mzungu mwenye hoteli, alikuwa ameshasema kwamba watu wa Ulaya hawawezi kula wasichokisoma. Basi kula kwao kulinitegemea mimi, karani wa hoteli ya ufukweni pale Kikambala, mwanamke wa Malindi mwenye vidole kumi na ulimi mmoja uliotosha kumi.

Nilichapa kwa Makintosh. Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia kwisha, na kompyuta ilikuwa kitu cha kuonyeshwa jamaa siku za sikukuu. Tajiri aliileta mwenyewe kutoka kwao, ameipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga: kisanduku cha rangi ya maziwa, kina uso mdogo wa kioo, na juu kina mkono wa kukibebea, kana kwamba kuna mtu angetaka kwenda nacho sokoni. Alikiweka mapokezi ili kila mgeni akione, akarudi Ulaya, akawa kila akipiga simu huanza kukiuliza hicho kabla ya kuuliza hoteli.

Kitu cha thamani namna ile huwezi kukiacha uchi. Kwetu Malindi hata redio ya betri mbili ina kitambaa chake. Mimi nilikuwa na kimoja cheupe, nimekifuma kwa mkono wangu nikiwa ndiyo kwanza naposwa, pembe zote nne zina waridi jekundu. Miaka minane kilikaa juu ya redio ya mume wangu, na siku niliyoachika nilitoka na vitu vitatu: sanduku la nguo, kitambaa kile, na ulimi wangu. Nikakitandika juu ya Makintosh, kikaanguka vizuri pande zote, mijusi wakakosa pa kuchafua. Hata meneja alisimama akakisifu. Nikaona raha, nikafuma kingine cha samawati kwa ajili ya redio yangu ya nyumbani, chumbani nilikopanga Mtwapa.

Miezi ikapita. Makintosh ikaanza tabia: ikifika adhuhuri, inaganda. Ukiizima ukaiacha mpaka alasiri, inaamka. Sikushangaa. Nilijua imeshakuwa mtu wa pwani, inataka usingizi wa mchana. Kisha siku moja, katikati ya menyu ya kamba wa kuchoma, kioo kilijikunja kikawa kitone kimoja cheupe, harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda, na kitone nacho kikaondoka.

Meneja alikuwa mtu wa bara, maneno yake yakitoka makavu kama yamepigwa jua. "Hii kitu imekufa?" akaniuliza.

"Imezimia," nikasema.

"Sikiza, mama. Tajiri anakuja baada ya mwezi mmoja. Tafuta fundi aifungue, aandike kwa karatasi ni nini iliua. Kama ni mtu aliua, huyo mtu hana kazi hapa. Na anayeishika ni wewe peke yako."

Niliingia stoo nikalia, nasema kweli. Kazi ile ndiyo iliyomlisha mama yangu Malindi. Ndiyo iliyonifungulia mlango wa chumba changu mwenyewe, nisirudi kwa kaka zangu, ambao walishaniambia bila haya kwamba mwanamke aliyeachika akirudi kwao hukaa jikoni na hukaa kimya. Jikoni ningeweza. Kimya, ng'o!

Mafundi wa Mombasa waliiangalia wakachekana. Spea yake, wakasema, labda Nairobi, labda Ulaya, labda ahera. Kila niliyemuuliza baada ya hapo alinielekeza kwa mtu mmoja, fundi wa redio na televisheni, yuko palepale Mtwapa, mikono yake ya ajabu, hashindwi na kitu. Nikawa naitikia kwa kichwa. Mikono ile naijua. Yule alikuwa mtalaka wangu.

Tuliachana kwa mambo ambayo ukiyataja moja moja hayana maana, lakini ukiyarundika yanafika darini. Alikuwa mtu wa kusema maneno matano kwa siku, na matatu kati ya hayo ni ya kuomba chai. Tena alikuwa na vita na kitambaa changu. Akiingia nyumbani, kabla hata ya salamu, mkono wake huenda juu ya redio ukakiondoa. "Acha chombo kipumue," husema. Kipumue! Nionyesheni pua ya redio. Mimi natandika, yeye anatandua, miaka minane, mpaka ikawa ndiyo mazungumzo yetu makubwa.

Nilikwenda nimeikumbatia Makintosh, imefungwa ndani ya kitambaa kilekile, nina hasira ya kwenda kuomba.

"Habari za siku nyingi, fundi," nikamwambia. Fundi, kama mteja yeyote. Asije akavimba kichwa.

"Nzuri, bibie. Karibu."

Nikamweleza shida yangu yote, na maneno ya meneja, na ile karatasi. Alifungua fundo, akaitoa kompyuta, kisha akakishika kitambaa. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza huku na huku, akakikunja mara nne, akakitia ndani ya mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

"Hicho changu," nikasema.

"Najua. Nitakihitaji."

"Cha kufutia mikono?"

Akaivuta Makintosh karibu. Nikasema moyoni, haya, mwizi amekipata alichokitaka tangu zamani.

Kuifungua Makintosh kulimpa kazi. Misumari yake ya hesi ilizama ndani ya mashimo marefu chini ya ule mkono, na vichwa vyake vina umbo la nyota, hakuna bisibisi iliyovijua. Alichukua msumari mrefu wa paa akautia tupa asubuhi nzima, mpaka ncha yake ikaingia. Ganda lilipotoka, tukaona ndani yake, kwenye plastiki, sahihi za watu chungu nzima, waliolitengeneza huko kwao. Nikamwambia, ona wenzio wanavyojivunia kazi zao, talaka yetu ilikuwa na mashahidi wawili tu, na mmoja alikuwa akisinzia. Akatabasamu kidogo, akarudi kuchungulia. Bodi ya umeme ilikuwa imeungua nyeusi, na ile kubwa iliyo chini nayo imekwisha.

"Ni nini?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka ndogo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Akautia ule ufunguo wa meza mfukoni. "Chumvi," akasema. "Hewa ya bahari."

Akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa chuoni: mashine imeharibiwa na chumvi ya bahari, si kosa la mtu. Akatia sahihi. Niliipokea kama cheti cha kutoka jela. Ahsante nilisahau kusema, nilikuwa na haraka.

Meneja aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni. "Sawa, si wewe. Lakini tajiri hatasoma karatasi, mama. Tajiri ataangalia sanduku. Akikuta imezima, wewe na mimi tunaenda nyumbani, na wewe unatangulia."

Kisha akapata wazo. Mungu awaepushe na meneja aliyepata wazo. Mombasa palikuwa na kompyuta ya kawaida, zile za maofisini, iliyoanguka kutoka kwenye lori, ganda lake likapondeka lakini matumbo yake mazima. Akainunua. "Mwambie huyo fundi atoe hii ndani, atie kwa ile ya tajiri." Kama kuhamisha pilau kutoka sufuria hii kwenda ile. Akaongeza masharti: uso wa mbele usikatwe, usitobolewe, usiguswe. Na mimi niwe nakwenda karakana kila Jumamosi na Jumapili baada ya chakula cha mchana kuangalia fundi asiibe kitu. Mimi, nikamlinde yule! Lahaula.

Basi nikakaa juu ya kasha, nikashika tochi, nikatazama ufundi. Bodi ya ile kompyuta ilikuwa ndefu kuliko chumba ilichopangiwa, kwa hiyo aliisimamisha wima, akaikalisha juu ya vipande vya ndara kuukuu isiguse chuma. Kile kisanduku cha kuigawia umeme hakikuingia hata kwa dua. Akakitia ndani ya mkebe wa biskuti, mkebe ukakaa chini ya meza, nyaya zikipanda kama mirija ya hospitali. Kioo alikitoa kwenye televisheni ndogo ya rangi moja, ile inayoendeshwa kwa betri ya gari, na alipokuwa akikitoa kilimtandika mshtuko akafika ukutani. Nilicheka mpaka machozi. Yeye alijipangusa akaendelea.

"Na santuri za kuwekea kazi zangu?" nikamuuliza. Za ile ya kawaida zilikuwa pana kama chapati, na tundu la usoni halikuzidi upana wa mkono.

"Utatia nyuma."

"Nyuma! Kila nikitaka kuchapa nianze kuikuna mgongo?"

"Ndiyo, bibie."

Kibodi cha ile nyingine kilikuwa kikubwa, cha rangi ya udongo. Akakipaka rangi ya maziwa iliyobaki kwenye milango ya hoteli, na herufi mbili tatu zikazama humo zisionekane tena. Nikamwambia hongera, sasa una kompyuta yenye moyo wa huyu, jicho la yule na ngozi ya mlango. Wiki ya mwisho akatoboa mgongo wa ganda akatia feni.

"Feni ya nini? Kompyuta inasikia joto?"

"Inasikia."

"Mbona ile ya kwanza haikuwa na feni?"

"Ile ilikuwa inapumulia ju..." Akakatika. Akaanza kutafuta bisibisi mezani, anainua hiki, anaweka kile.

"Iko mkononi mwako," nikamwambia, nikamcheka tena. Nilikuwa hodari wa kucheka siku zile. Nilipomdai kitambaa changu, akasema bado.

Ikawaka. Sitawadanganya, iliwaka. Ilivuma kama kinu cha kusaga mahindi, na badala ya vile vipicha vizuri vya Makintosh ilionyesha giza tupu na herufi, lakini menyu ilichapika. Kile kidude cha kusukuma mezani, wanachokiita panya, hakikuwa na mahali pa kuchomekwa, basi tukauficha uzi wake nyuma ya meza akabaki pambo.

Siku ya tajiri, meneja alivaa tai. Fundi naye aliitwa akae karibu, endapo moshi utatokea. Tajiri akaja moja kwa moja, hakumsalimu mtu, akaipapasa Makintosh kichwani.

"Mzima," akasema.

"Mzima kabisa," meneja akajibu, jasho linamtoka.

Tajiri akamshika panya. Akamsukuma kulia, akamsukuma kushoto. Katika kioo hakikutikisika kitu hata kimoja. Mimi nilikuwa nimeshafika jikoni kwa kaka zangu, nimeshapewa vitunguu nimenye.

"Nzuri sana," tajiri akasema. "Haraka sana."

Kumbe maskini ya Mungu hakuwahi kuitumia hata siku moja. Alipenda sanduku. Akauliza kwa Kiswahili chake iliwahi kupata tabu gani, maana meneja alimwandikia kwamba iliugua kidogo ikapona. Meneja akanitazama mimi, mimi nikamtazama fundi.

"Chumvi, bwana," fundi akasema, tena kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kuzitoa katika ndoa yetu. "Huyu bibi aliitunza vizuri. Chumvi haina mlinzi."

Tajiri akaniambia ahsante. Akaagiza meza isogezwe mbali na dirisha, mbali na bahari, kwenye kona yenye joto kuliko zote hotelini, kisha akaenda kuogelea. Kazi yangu ikabaki kwangu. Nikaketi.

Fundi alikusanya vyombo vyake. Alipopita mezani kwangu akaniwekea bahasha ya kaki. "Kitambaa chako," akasema. "Kitandike mezani, bibie. Juu ya mashine usikitie." Akatoka na mkoba wake begani.

Nilikuwa na neno lake tayari, kali, la kumfikia kabla hajafika langoni. Nikafungua bahasha. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, waridi zote nne mahali pake. Na katikati, mstari kwa mstari, palikuwa na michirizi ya kahawia ambayo sabuni haikuiondoa. Nikanyanyua macho nikatazama kichwa cha Makintosh. Ile mianya iliyo juu, karibu na mkono wa kubebea, ile ambayo sikuwahi kuiuliza kazi yake, ilikuwa imejipanga vilevile. Nikakiweka kitambaa juu yake, mara moja tu, kupima. Mstari uliangukia mwanya, mwanya ukaangukia mstari.

Nikakikunja mara nne, kama alivyokikunja yeye. Mtu yule alikuwa na haki miaka minane, nami nikimcheka miaka minane. Siku haki yake ilipoletwa mlangoni kwake, na mimi mwenyewe ndiye niliyeibeba, imefungwa fundo, aliiinua kwenye mwanga, akaiona, akaifungia ndani ya mtoto wa meza, kisha akaandika chumvi. Nami nikakaa wiki tatu juu ya kasha lake nikimlinda asiibe.

Nilitoka mbio mpaka langoni. Alikuwa ameshaondoka.

Nilifika nyumbani jua halijatua. Redio ilikuwa inaimba taarabu, niliisahau tangu asubuhi, na kile kitambaa cha samawati kimeifunika vizuri pande zote. Nikakiondoa. Nikaweka kiganja juu yake, ilikuwa ya moto. Nikaizima, nikaketi karibu nayo mpaka ikapoa.