Ng'ombe Waliotangulia

Mimi ni mtu wa maneno machache, na shule yangu iliishia msingi kule kwetu Masisi. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kifaransa hapa ugenini Molenbeek alipotuambia kwamba mtihani wa kupanda darasa tutaufanyia kwenye jumba la makumbusho, kila mmoja aeleze picha ileile mbele ya wenzake, nilitamani niugue. Mwaka uliotangulia nilinyamaza, nikabakizwa. Nisipopanda, nafasi ya kujifunza kazi ya kuhudumia wagonjwa ningeikosa tena.

Picha ilikuwa ya zamani, kubwa kama mlango wa kanisa: milima, ukungu, wingu jeusi, na chini kabisa mtu mdogo na ng'ombe wanne. Wenzangu walisema mtu huyu amepotea, anaogopa, Mungu ni mkubwa na sisi ni mavumbi. Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Zamu yangu ikafika. Nikainamia sehemu ya chini ya picha.

"We mutoto, sema basi!" akaninong'oneza maman mmoja wa Bujumbura, mwanafunzi mwenzangu. "Ama ulimi umeuacha kwa metro?"

"Ngoja, maman. Ninaangalia ng'ombe."

"Ng'ombe? Bon, angalia. Sisi tutazeekea hapa."

Nilikuwa ninaangalia kweli. Viwele vilikuwa vimejaa. Ng'ombe wametangulia, mtu yuko nyuma, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameining'iniza juu yake. Kwetu, anayetafuta njia hutembea mbele ya ng'ombe. Anayelaza fimbo mabegani, kazi yake ya kuchunga imekwisha.

Nikasema kwa Kifaransa changu cha polepole: "Hajapotea. Anaenda nyumbani kukamua."

Mwalimu akakunja uso. "Nyumba iko wapi? Haikuchorwa."

"Iko nyuma ya jiwe lile. Ng'ombe wanaijua." Nikamwonyesha yule wa kwanza. Majani yalimfika magotini, lakini hakula. Shingo alikuwa ameinyoosha. "Ndama wake yuko huko. Anamsikia."

Mwalimu akasogea karibu mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma.

"Na wingu lile?"

"Watalowa."

Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka.

"Inatosha," akasema. "Umepanda."

"Alors, njoo uketi!" maman akaita.

Lakini nilikuwa bado sijamaliza. Nikaanza kueleza habari za ng'ombe wa pili, aliyekuwa akichechemea mguu wa nyuma.