Watoto Wawili Niliowaandika

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka hadi leo nasukuma sahani kando. Nimesikia umepata kazi ya kuzunguka na fomu ukiwauliza wazee habari za watu wa zamani. Hongera. Sasa weka simu chini unisikilize, maana haya sijayasimulia kanisani wala kwenye chama cha akina mama.

Mimi ni Mluhya wa Kajiado, kama kuna kitu kama hicho. Baba alifundisha huko, nami nikacheza na watoto wa Kimaasai mpaka Kimaa kikanikaa mdomoni kuliko lugha ya mama yangu. Kwa hivyo Profesa mmoja alipokuja kutafuta mwanamke wa kumtafsiria, watu walimwelekeza kwangu moja kwa moja. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimeolewa juzi juzi, na mimba ya kwanza ilikuwa ya miezi mitano. Kichwa nacho kilikuwa kigumu, lakini hilo usiseme umelisikia kwangu.

Profesa alikuwa mzee kutoka Murang'a, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema neno zito. Alitaka kujua watu walioishi pande zile zamani walizaa wangapi, walipoteza wangapi, na njaa na magonjwa viliwapunguza vipi. Siku ya kwanza alinikalisha chini akanieleza.

"Kuna mahali tunasoma daftari za kanisa," alisema. "Kwingine tunachimba makaburi, na mifupa inatuambia mtu alikula nini na alikufa akiwa na umri gani. Hapa hakuna daftari. Na zamani maiti ilikuwa inalazwa nyikani, fisi wanamaliza. Mtoto aliyekufa hapa miaka hamsini iliyopita amebaki mahali pamoja tu, kichwani mwa mama yake. Mama akienda, basi."

Akanifundisha mimi na wenzangu kuuliza, kila mtu azunguke na fomu zake. Huwezi kumwuliza koko wa Kimaasai, yaani bibi mzee, alizaa mwaka gani. Unamwuliza ni rika gani walikuwa morani wakati ule, ni ukame upi, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa gani. Ukiona kati ya mtoto na mtoto pana nafasi ndefu, unauliza polepole: hapa katikati hukupata mwingine? Hapo ndipo waliokufa hupatikana. Lakini watu wale hawapendi kuwataja waliokwenda, majina yao hayatamkwi. Unaweza kukaa tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, na jibu ni moja: hakuna.

Mimi na tumbo langu niliogopa, mwanangu. Acha niseme ukweli. Kila habari ya mtoto aliyekufa nilihisi inaingia ndani ikimtafuta wangu. Basi woga ukanifundisha ujanja. Penye swali la watoto waliokufa nilikuwa najaza mwenyewe: wawili, surua, kabla ya kutembea. Naandika haraka, naaga, naenda boma lingine. Baada ya wiki chache fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wenzangu wote, na nilijiona hodari kweli.

Sasa siku hiyo nilifika kwa koko mmoja upande wa Bisil. Alikuwa na binti mmoja tu, Nashipae, mama wa watoto watatu aliyerudi kumtunza. Nilimsalimu koko "Takwenya", akaitikia "Iko", akaniangalia tumbo, akanicheka kidogo. Halafu akamtuma Nashipae maji, na maji yalikuwa mbali. Alipohakikisha binti ameenda, akafungua pembe ya shuka yake, akatoa vijiwe alivyokuwa ameviokota kabla sijafika. Akavipanga kwenye ngozi aliyokalia, kimoja kimoja. Kimoja akakiweka kando peke yake.

"Huyu ni Nashipae," akasema. "Hawa wengine hajawahi kuwasikia. Siwezi kumwambia mtoto aliyebaki habari za waliokwenda, nitakuwa nimewaita waje wamchukue. Lakini wewe si wa nyumba hii. Nitakuambia wewe mmoja mmoja, uandike. Mimi nikishaenda, yeye akitaka kujua, atakuja kwako."

Wuui! Nilivitazama vile vijiwe nikaona ni vingi. Sikuvihesabu, mwanangu. Niligeuza uso. Mtoto akapiga teke tumboni.

"Koko, inatosha," nikamwambia. "Nimeshaelewa."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kijiwe cha kwanza. "Umeshaelewa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Haya," akasema, akavikusanya taratibu akavirudisha kwenye shuka. Mimi nikaandika wawili, surua, kabla ya kutembea. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nililiona kovu limefunuliwa mbele yangu nikalifunika kwa kalamu.

Haikupita miezi miwili Profesa akaniita. Alikuwa ametandaza fomu zangu mezani. Akakohoa.

"Mama," aliniita hivyo kwa heshima ya tumbo, "watoto wako wote waliokufa hawana meno. Wanakufa wawili wawili. Hakuna hata mmoja aliyeumwa na nyoka, aliyezama mtoni, aliyekufa na njaa. Mimi nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kifo hakina mpangilio mzuri hivi. Uliwauliza?"

Nikalia. Nilidhani atanifukuza, na afadhali angenifukuza. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Ungeacha wazi, ningemtuma mwingine akaulize. Ukijaza uongo, hakuna anayejua kwamba bado kuna swali. Watu hawa walikufa wakiwa wadogo, hawakuacha kitu chochote duniani. Sasa wewe umewanyima hata hesabu. Rudi kwa kila mama."

Nikarudi. Kwa Koko nilifika nikamkuta Nashipae amenyoa kichwa. Mama yake alikuwa ameshazikwa wiki tatu zilizopita.

Nilisimama pale mlangoni na fomu yangu mkononi kama mjinga. Nashipae akanishika mkono. "Yeyo aliniambia siku za mwisho," akasema, yaani mama yake. "Ati kuna kitu alikuachia wewe. Mimi nimekua peke yangu, kila mtu ananiambia sikuwa na ndugu. Niambie tu. Nilikuwa na ndugu?"

Pale ndipo Mungu alinipa nafasi ya kusema kweli, nami nikaitupa. Aibu, mwanangu, ni mbaya kuliko woga. Nikamwambia, "Ndiyo. Wawili. Walikufa na surua, wadogo, hawakuwa wametembea."

Alilia sana, akanishukuru, akanipa kibuyu cha maziwa niende nacho kwa sababu ya mimba. Nikakichukua! Mpaka leo sijui nilikuwa na uso wa aina gani. Nilijifungua salama, nikashukuru Mungu kanisani mbele za watu, na lile la Nashipae nikalikalia.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa yangu ilichukua miaka kumi. Kwenye miaka ya elfu mbili tulihamia Kitengela, mume wangu alipata kazi huku, mashamba yakiuzwa na nyumba za kupangisha zikiota kila upande. Asubuhi moja sokoni nasikia mtu ananiita kwa Kimaa. Ni Nashipae, ameketi na mitungi yake ya maziwa. Alinikumbatia mpaka wateja wakatuangalia.

"Si unajua nimeokoka?" akasema. "Wale ndugu zangu wawili niliwapa majina. Yeyo hakuweza kuwataja, lakini mimi niko na Yesu, siogopi. Mmoja ni Samueli, mwingine ni Ruthi. Kila Jumapili nawaombea. Watoto wangu wanawajua. Hata mzee wangu anajua kwamba mimi si mtu wa peke yangu."

Nikakaa kwenye mtungi mtupu, nikamwambia yote. Nilimweleza jinsi mama yake alivyojiandaa, jinsi alivyomtuma maji, jinsi nilivyogeuza uso. Walikuwa zaidi ya wawili, nikasema, lakini sikuhesabu. Sijui walikuwa wangapi. Sijui kama kulikuwa na msichana au wavulana watupu. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika mguu wake.

Hakupiga kelele. Natamani angenipiga makofi sokoni watu wote waone. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo hata wale wawili hawakuwa wangu?"

Akafunga mitungi yake, bado ina maziwa, akaenda. Nimeishi Kitengela miaka yote hii, na akiniona upande huu wa barabara, anavuka ule. Simlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilimwaga ya mtu mwingine.

Basi sikia, mwanangu. Ukienda kumwuliza mzee habari za wafu wake, nenda umeshiba na usiwe na safari nyingine siku hiyo. Akianza kusema, mwache amalize, hata kama inakuuma, maana wewe unaumwa siku moja na yeye ameumwa maisha yake yote. Ukiogopa, mwambie unaogopa. Atakuelewa kuliko unavyodhani. Usichokijua andika hujui, na neno hilo usilionee haya. Na ukishakosea, rudi siku hiyo hiyo ukaseme, kabla uongo wako haujapewa jina na kuombewa na watu wasio na hatia.

Mungu akupe masikio ya kuvumilia, mwanangu. Akupe wazee wa kukuamini, nawe usiwaangushe. Na wale ambao mimi sikuwahesabu, yeye aliyewaumba anawajua mmoja mmoja. Naomba siku moja amwonyeshe Nashipae.