Mama Mkwe, Mkia wa Msafara

Mimi si mtu wa kumwaga sifa ovyo. Nasuka nywele za watu tangu asubuhi hadi jioni, na kazi hiyo imenifundisha kwamba mteja ukimsifia kichwa chake kabla hujamaliza, ataanza kukupangia namna ya kusuka. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mama mkwe wangu ni mtu wa kujivunia, ujue nimeshindwa kukaa kimya.

Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka, foronya, makoti meupe ya madaktari. Alipostaafu akahamia kwetu, na mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, sifichi. Masufuria yangu yakawa hayajasuguliwa sawasawa. Mapazia yangu yakawa yameanikwa kinyume. Mume wangu, mwanawe wa pekee, akajifanya kiziwi. Nikawa naomba kila usiku mama apate shughuli, yoyote ile, mradi ifanyike nje ya nyumba.

Dua yangu ilijibiwa kwa baiskeli. Daktari alimwambia magoti yake yanataka kuzungushwa, si kukalishwa. Akaenda kwa fundi, akarudi anaikokota baiskeli kuukuu ya kijani, na yeye wakati huo ana miaka sitini na moja na hata kuipanda hajui. Alijifunzia kwenye uwanja wa shule ulio mkabala na saluni yangu. Alianguka, akajipangusa, akaanguka upande wa pili. Wateja wangu walicheka, nami nikacheka nao, tena kwa sauti. Wiki ya tano akauzunguka uwanja mzima bila kuweka mguu chini. Jioni ile alikula, akalala, na masufuria yangu hakuyatazama.

Ndipo akajiunga na watu wa Jumamosi. Si watu wa mashindano hao. Ni watu wazima kama ishirini, mshona viatu, fundi simu, wauguzi wawili, mwalimu, na wengine wa namna hiyo, ambao huendesha polepole kwenye vijia vya msituni na kando ya ziwa, wakisimama kutazama ndege na kugombania karanga. Mwenyekiti wao ana duka la dawa, na hupenda mambo yaende kama dozi, kwa saa.

Wana utaratibu wao, na lazima niueleze kwa sababu ndio uliotuponza. Kiongozi hutangulia. Akifika njia panda, humwacha mtu mmoja asimame pale kuwaonyesha wanaofuata pa kupita. Huyo wanamwita kigingi. Kigingi haondoki hata anyeshewe, mpaka amwone mkia, yaani mtu wa mwisho kabisa, aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Akishakiona hicho kizibao, anajua hakuna aliyebaki nyuma, naye anapanda baiskeli yake na kuendelea. Mkia hampiti mtu. Ukichoka, mkia anachoka nawe. Ukipata pancha, mkia anashuka nawe. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka, maana nani anapenda kufika karanga zimekwisha? Mama aliiomba mwenyewe. Kwa miaka miwili watu walimwita Bi Mkia, naye akaitika kama aliyeitwa bosi.

Wiki moja kabla ya safari ya kulizunguka ziwa lote, mwenyekiti alikuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Mama, umri nao una haki yake," alisema. "Tumefikiri mkia awe fundi simu. Yeye ana ramani kwenye simu yake."

"Ramani inamwona mtu aliyechoka?" mama akauliza.

"Sijasema hufai, mama."

"Umesema. Ila umesema kwa adabu."

Walivutana mpaka wakapatana. Angekuwa mkia kwenye safari ya ziwa. Akiwafikisha wote salama bila tatizo, kizibao kinabaki chake. Likitokea la kutokea, anakivua siku hiyo hiyo. Mgeni alipoondoka, mama alichukua kitambaa akaanza kuipangusa baiskeli ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Niliumia. Hospitali ilishampa cheti na mkono wa kwaheri. Sasa alikuwa anaambiwa kwaheri ya pili.

"Nenda naye," mume wangu akaniambia chumbani. "Mimi nina zamu kazini."

"Mimi na baiskeli wapi na wapi?"

"Wewe nenda tu."

Kupanda nilijua tangu utotoni, basi nikaazima baiskeli ya muuguzi mmoja, nikaenda. Na nikiri mapema kwamba kama mimi ningebaki kitandani, balaa lote lisingetokea.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Kijia kilipita chini ya miti mirefu, kikavuka daraja la mbao, kikatokeza ghafla ziwani, maji yametulia, bata wanajitokeza kwenye matete na kupotea tena. Watu walipiga soga wakiwa wawili wawili. Kufikia kilima cha kwanza mimi nilikuwa nimeshabaki nyuma ya wote, mapaja yanawaka moto, na kila nikigeuka namwona mama hatua kumi nyuma yangu, anakanyaga pedeli bila haraka, anatazama ndege. Hakunihimiza hata mara moja. Ilinitia hasira, kisha ikanipa nguvu.

Kwenye kituo cha kupumzika manyunyu yakaanza. Mwalimu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua homa, alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana, na koti hakubeba. Mama alivua kizibao chake, akamvika, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Mwalimu alikuwa mgeni kwenye kundi kama mimi. Alishukuru, akapanda, akaenda zake kwa mwendo wake, ambao ulikuwa mwendo wa binadamu wa kawaida, si huu wangu. Hakuna aliyewaza lolote, hata mama.

Tulipofika njia panda, hapakuwa na mtu.

Kijia kimoja kilishuka kulia kwenye matete, kingine kikapanda kushoto msituni. Mama alishuka kwenye baiskeli. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akajitazama kifuani, akashika shati lake lililolowa.

"Nimeharibu," alisema.

Mimi bado sikuwa nimeelewa, ikabidi anieleze. Kigingi alikuwa ameona rangi ya chungwa inakuja kwenye manyunyu, akajua mkia huyo, akaondoka. Kila njia panda iliyo mbele ingekuwa vivyo hivyo. Kundi zima lilikuwa linakwenda na amani ya moyo, likidhani hakuna aliyebaki.

Simu yangu haikuwa na mtandao. "Tushike kulia," nikasema. "Kulia ni ziwani, na safari ni ya ziwa. Tukikaza tutawakuta, mwenyekiti hata hatajua."

"Hatutoki hapa."

"Mama, wakijua, kizibao kimekwenda!"

"Kimekwenda, mwanangu. Lakini wakigundua watarudi kwa njia waliyopita. Tukibahatisha tukakosea, watafika hapa wasitukute, na giza litakuja. Keti."

Niliketi kwenye gogo lililolowa, nikanuna. Hasira nilikuwa nayo, lakini zaidi nilikuwa na aibu, maana aliyemchelewesha mpaka tukaachwa ni mimi. Yeye aliketi kando yangu, akamenya chungwa, akanipa nusu kubwa.

"Kule hospitali," akasema, "kila mtu alitaka kufua za juu. Shuka linalobaki chini ya beseni, hilo watu hulisahau, kesho unalikuta limevunda. Mimi ndilo nilikuwa nalitafuta. Miaka yote ile hakuna shuka lililovunda kwenye zamu yangu." Akajipangusa maji ya chungwa mkononi. "Nilipenda sana kuwa mkia. Basi."

Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe, naye hakuutoa.

Tulikaa karibu saa nzima. Kisha tukasikia breki zinalia, na mwenyekiti akatokea kwa kijia cha kushoto, kushoto narudia, tope hadi magotini, fundi simu nyuma yake anahema. Walikuwa wamefika kwenye kituo cha pili, wakaona kizibao, wakaona aliyekivaa si mama, wakageuza baiskeli mbio. Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini mama alimwahi.

"Kosa ni langu. Nilivua kizibao nikampa mwalimu, na kizibao si koti, ni ishara. Mwalimu hajui, msimguse. Mkitaka kunivua, nivueni. Ila huyu binti nimetoka naye, nitafika naye."

Mwenyekiti alijipangusa jasho, na nadhani hotuba aliyokuwa ameitunga njia nzima ilikuwa imemponyoka. Fundi simu ndiye aliyesema.

"Mzee, mimi ramani ninayo. Lakini hapa hakuna mtandao, na ukweli, mimi nisingengoja. Ningeshuka kulia, na saa hizi mngekuwa mnanitafuta kwenye matope. Hii kazi siiwezi."

"Tutaongea tukifika," mwenyekiti akajibu, akageuza baiskeli.

Kilomita kumi na tatu zilizobaki ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Wenzetu walikuwa wametangulia, wale wawili wakatuongoza mbele, nami nikawa napanda vilima huku nikijisemea kwamba sitashuka, hata moyo utoke kwa masikio. Niliona kwamba nikiingia kwenye gari la mtu, mama atakuwa amepoteza mtu wake mmoja, na huyo mmoja ndiye pekee aliyebaki ambaye mama alipaswa kumfikisha. Mvua ilikatika. Ziwa likawa upande wetu muda wote, jua limelipiga, na mara moja moja nilisahau maumivu nikalitazama.

Mwisho wa safari ni lango la mbao kwenye ukingo wa msitu. Nilipokata kona ya mwisho niliwaona wote wamesimama mistari miwili, kofia zao ngumu mkononi. Walikuwa wametungoja kwa muda wa saa mbili nzima, hakuna aliyekwenda nyumbani. Walipotuona wakaanza kupiga kengele za baiskeli zao, kengele kumi na kitu kwa pamoja, na mwalimu yuko mbele analia waziwazi.

Nikafunga breki. Nilijua heshima ile ni ya nani. "Pita, mama," nikamwambia. "Wanakungoja wewe."

"Mkia hampiti mtu," akasema. "Kanyaga."

Basi nikakanyaga. Niliingia langoni kwa makofi ambayo hayakuwa yangu, kichwa juu, machozi yananitiririka, nikiwatazama wale watu usoni mmoja mmoja ili waone ninatoka nyumba gani. Nilipovuka nikageuka. Gurudumu lake lilipita langoni, na hapo kengele zikanyamaza, maana sasa safari ilikuwa imekwisha.

Mwenyekiti alimwendea akiwa na kizibao. Alikuwa amekipokea kwa mwalimu. Hakutoa hotuba. Alikishika kwa mabega, akakifungua kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvaa, akangoja. Mama alimgeuzia mgongo, akapitisha mkono mmoja, kisha wa pili, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja.

"Jumamosi, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Jumamosi," akajibu. "Na kila mtu aje na koti lake la mvua. Hiki hakiazimwi tena."