Mahindi Niliyoogopa Kuyaanika

Mwaka ule mume wangu alikuwa akichimba dhahabu Macalder, na kila alipopata kitu tulinunua mahindi. Nilikuwa nimechoka kuishi kwa kubahatisha. Mvua ikizidi mashimo hujaa maji, na kazi ikisimama hakuna wa kukulisha. Akiba yetu ya pesa ilikuwa kwenye chama cha kuweka na kukopa, ambako haitolewi kabla ya Desemba. Kwa hivyo tegemeo letu lilikuwa magunia sita, tuliyoyabana chumbani tunamolala.

Mama mkwe, ambaye tuliishi naye boma moja, alitia mkono kwenye gunia akatafuna punje moja.

"Nyar Rusinga," akaniambia, yaani binti wa Rusinga, maana huko ndiko nilikozaliwa, "haya bado yana maji. Yaanike."

Kuyaanika kulimaanisha kutandika turubai uani, kila apitaye aone. Nikawaza watakavyokuja, huyu na bakuli, yule na sufuria, na mtu humnyimi chakula anachokiona. Nikamjibu nitayaanika jua likitulia. Sikuyaanika. Nilichanganya dawa ya wadudu, nikashona midomo ya magunia, nikafunga dirisha.

Mvua ilipokuja haikujua kuacha. Mashimo yakajaa, mume wangu akakaa nyumbani wiki baada ya wiki, unga ukaisha. Siku niliyofungua gunia la kwanza nilikuwa karibu nifurahi. Joto likanipiga usoni, kisha harufu. Punje zilikuwa zimegandamana, kijani na nyeusi. La pili hivyo hivyo. La tatu. Kufikia la tano nilikuwa nararua nyuzi kwa meno. La sita alilifungua mume wangu. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani.

Akasema tuyaoshe, tuyasage, watoto hawatasikia ladha wakila na dagaa wa omena. Mama yake akakataa. Alisema amewahi kuzika watu waliokula ugali wa mahindi kama hayo, na heri watoto walale njaa. Kisha akanitazama. Nikasema mwenyewe kwamba sikuyaanika kwa kuogopa watu.

"Watu gani?" mume wangu akauliza.

Tuliyachoma nyuma ya nyumba, na moshi ukawaleta majirani wakasimama kutazama, kama watu walio matangani.

Baada ya hapo mume wangu alienda kukata miwa, akirudi na gorogoro moja ya unga, yaani kopo la kilo mbili, siku nyingine mikono mitupu. Tulikula mara moja kwa siku. Kila jioni mama mkwe alisema jino linamuuma, akasukuma sahani yake kwa watoto. Nilijua hakuna jino linalomuuma. Nilinyamaza, kwa sababu watoto walikuwa wakila, na hadi leo kunyamaza kule kunanichoma kuliko yale magunia.

Jumamosi moja, siku yake ya Sabato, mama mkwe hakuamka kwenda kanisani. Nilimkuta amelala ameelekea ukutani, mifupa ya mabega imechomoza chini ya nguo. Nilimpikia uji kwa unga uliobaki wote. Akauliza kama watoto wamekula.

"Wamekula, mama," nikamdanganya.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilisimama mlangoni, nikiwazuia watoto wasiingie, mpaka alipomaliza.