Nilijipaka Shubiri, Mwanangu Akakataa Ziwa

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, ana kazi zake. Jina langu msilitafute, mtaa mzima wa Bondeni umeshacheka vya kutosha.

Nina mtoto mmoja, mvulana wa miezi minne. Tangu nimzae, uso umenijaa madoa kama ndizi iliyosahauliwa kapuni. Na harusi ya wifi yangu hiyo inakuja! Shoga yangu mmoja, ambaye hata kuzaa hajazaa, akaninong'oneza:

"Jipake shubiri mbichi, bibi. Uso, shingo, mpaka kifuani. Utang'aa hadi bibi harusi akuonee wivu."

Nami nikasikia! Siku ya harusi, nyumbani kwa mavyaa, mama wa mume wangu, kule Ndia Kuu, nikakata jani la mshubiri uani, nikajifungia chumbani. Utomvu wa manjano ukanitiririka kifuani, nikausambaza vizuri, lisipotee tone. Ukakauka, nikavaa.

Mtoto akaamka na njaa. Nikampa ziwa. Akashika, akakunja uso, akapiga ukelele! Nikampa la pili. Akalisukuma kwa mikono yote miwili.

Hasira zikanipanda. Jana yake tu mavyaa alikuwa ameniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hashibi, mwonjeshe uji." Basi nikajua ameshamlisha! Nikatoka mbio hadi uani, wanawake wanachambua mchele wa biriani.

"Mama, umemlisha nini mwanangu? Sema mbele ya hawa!"

"Mimi? Tangu alfajiri niko na vyungu hivi."

"Mwongo!"

Ndiyo, nilisema. Wallahi nilisema! Kisha nikaanza kulia, nikajifuta machozi kwa kiganja, kiganja kikapita mdomoni.

Uchungu! Ulimi ulijikunja. Nikaramba kidole tena, mbele yao wote, kama mpumbavu anayetaka uhakika.

Mwanamke mmoja akaninusa bega. "Shubiri! Masikini, amemwachisha ziwa mwanawe kwa mkono wake!"

Jamani! Mombasa hii nani asiyejua kwamba mama hupaka shubiri titini mtoto akitakiwa kuacha kunyonya? Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo hivyo. Lakini nilipoambiwa urembo, akili zote za shuleni nilizivua pamoja na nguo.

Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Mtoto hakutaka hata kusikia. Harusini uso uling'aa, naam, ila hakuna aliyeutazama: maziwa yalilowesha gauni la hariri, mabaka mawili makubwa kifuani. Na mwanangu yuko mapajani kwa mavyaa, yule yule niliyemwita mwongo, ananyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, maana ya kopo tangu vita hivi vya Wazungu vianze hayapatikani.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Nimesikia." Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza.

Sasa najikamua kikombeni kama mbuzi mwenyewe. Nikimsogeza mtoto kifuani, hunikagua kama karani wa forodha, kisha hugeuza uso. Hapo ndipo moyo hunikatika, na kumlaumu sina wa kumlaumu!

Nyinyi mnaonyonyesha, sikilizeni. Shubiri inatengeneza ngozi, sikatai. Madoa yangu yamefifia kweli. Lakini ngojeni mpaka mtoto aache ziwa kwa wakati wake. Madoa yatangoja. Madoa hayalii njaa.