Ujira wa Coleta na Nyumba ya Katandala

Wapo wanaosema, hapa Namanyere ninakoishi na hata mjini Sumbawanga, kwamba mkwe wangu Sayi ndiye aliyeikosesha familia yetu nyumba. Nimeyasikia sokoni na kwenye jumuiya, tena kwa watu waliokula harusi yake. Jina linalotajwa katika maneno hayo ni la marehemu mume wangu, Kasimiri, na mimi ndiye niliyebaki kulilinda. Kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Sayi alizaliwa bonde la Ziwa Rukwa, ambako baba yake, mzee Masalu, Msukuma, alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alisoma uuguzi, akapangiwa zahanati moja mjini Sumbawanga, na huko ndiko alikokutana na mwanangu Adriano, dereva wa lori la mahindi. Adriano alipomleta nyumbani, baadhi ya ndugu zetu Wafipa walinong'ona kwamba tumeleta mchunga ng'ombe. Yeye aliingia, akapiga goti, akanisalimu, kisha akasema, "Mama, nimekuja mikono mitupu, msinitumie radi." Sisi Wafipa husingiziwa uchawi wa kutuma radi; nilicheka hadi machozi. Nilifundisha sekondari hadi nikastaafu, na kichwa kizuri nakijua nikikiona.

Mtoto wao Wiliam alipoanza kutambaa, ikatokea nyumba ya kuuzwa mtaa wa Katandala. Vyumba vitatu, dari, uzio wa matofali, maji ndani. Mwenye nyumba alikuwa anahama, akawapa hadi mwisho wa mwezi. Akiba walikuwa nayo kiasi, na sehemu iliyobaki wangekopa kwenye chama cha kuweka na kukopa. Leonardi, mdogo wake marehemu mume wangu, alikubali kuwadhamini.

Nilikuwa nimekwenda kumwona mjukuu Jumapili waliyokaa kupiga hesabu.

"Tukiacha kulipa kodi hapa," alisema Adriano, "rejesho la mkopo linaingia vizuri kabisa."

"Na Wiliam?"

"Wiliam analipa rejesho?"

"Wiliam anabaki na nani nikiwa zamu na wewe uko Tunduma na lori?"

Adriano akanitazama mimi. Nikamwambia asinitazame. Nina shamba Namanyere, na nyonga zangu hazimkimbizi mtoto anayetambaa.

"Tutachukua binti kijijini, kama watu wote," akasema. "Wa ndugu halipwi. Anakula, anavaa, basi."

"Mimi nataka Coleta."

Coleta ni mama wa mtaa waliokuwa wamepanga, ana watoto wakubwa, na ndiye aliyekuwa akimshika Wiliam kwa siku moja moja. Sayi alitaka awe anakuja kila siku na alipwe kila mwisho wa mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Akasema ujira wa Coleta utolewe kwanza, halafu ndipo waone fedha inayobaki inanunua nyumba gani.

"Hakuna mtu anayenunua nyumba hivyo," Adriano alisema.

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza."

Wakapiga hesabu upya kwa namna yake. Nyumba ya Katandala haikuingia. Adriano akatoka nje na simu, na sikuuliza anampigia nani. Nilijua siku chache baadaye, nikiwa bado pale kwao.

Leonardi aliteremka kwenye basi la Mwimbi akiwa na godoro lililofungwa kamba, sanduku la bati na mjukuu wake Fortunata, msichana wa kidato cha pili. Wakaja moja kwa moja nyumbani kwa akina Sayi.

"Shikamoo, baba mdogo," Sayi alimpokea.

"Marahaba, mkwe. Hesabu yenu iliyowashinda nimekuja kuimaliza. Mlezi huyu hapa."

"Na shule?"

"Nimeshamwambia mwalimu wake kuwa anahama."

"Anahamia shule gani?"

"Itatafutwa! Kwani shule za mjini zimefungwa?"

Fortunata alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya shule miguuni. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa Novemba ya mwaka ule ule. Nimefundisha miaka mingi, na hiyo "itatafutwa" naijua. Sijapata kuona mtoto aliyetafutiwa shule huku ana mtoto wa mwenzake mgongoni.

Sayi akasema atamkaribisha Fortunata kama mgeni, alale, ale, lakini mlezi ni Coleta na atalipwa.

Leonardi akaangua kicheko. "Kulipa mtu amshike mtoto! Ni ng'ombe huyo, mpaka umkodishie mchungaji?"

"Kwetu mchungaji wa ng'ombe analipwa, baba mdogo. Mwaka ukiisha anachagua mtamba, anaondoka naye. Asipopewa, mzee mwenye ng'ombe anaaibika kijiji kizima. Na huyu wangu si ng'ombe."

Leonardi akanigeukia. "Shemeji, unamsikia? Kila nyumba ya ukoo huu imelelewa na mabinti wa ukoo. Leo tunaambiwa tunaaibika?"

"Ninamsikia vizuri," nikamwambia. "Kasimiri alisomesha watoto wa ukoo huu, wewe ukiwa wa kwanza. Hutatumia jina lake kumtoa mmoja darasani."

Alisimama. "Basi mdhamini mtafuteni kwa Wasukuma."

"Tutatafuta," Sayi akajibu. "Chai iko mezani, baba mdogo, usiondoke na njaa."

Hakuinywa; akaondoka, akamwacha Fortunata na mizigo yake pale pale. Adriano hakusimama upande wa mkewe, na sitamtetea. Lakini asubuhi ni yeye aliyebeba godoro hadi stendi. Sayi alikuwa na siku ya mapumziko. Akapanda basi na Fortunata hadi Mwimbi, akamfikisha kwa mama yake, kisha wakaongozana wote watatu shuleni kumwambia mwalimu kuwa mtoto hahami.

Kesho yake alikwenda Katandala peke yake, akamwambia mwenye nyumba kwamba hawatainunua. Nyumba ikauzwa kwa mfanyabiashara wa nafaka. Ndiyo hiyo nyumba ninayoambiwa tulikoseshwa.

Walinunua nyingine Chanji, baada ya mavuno. Ina vyumba viwili, bati na milango. Dari haina, uzio haina, na upepo wa Julai unapita juu ya ukuta kama una ufunguo wake. Mkopo wake ni mdogo, mdhamini wake ni muuguzi mwenzake Sayi, na rejesho halijawahi kuchelewa, kwa sababu hesabu haikujidai kwamba mtoto hujilea mwenyewe.

Leonardi hajakanyaga pale. Wengine wanapita wakitazama juu, wanauliza mtoto wa Kasimiri anaishije bila dari. Wasiulizie barabarani, wabishe hodi. Sayi akiwapo atawajibu, na mnajua sasa anavyojibu. Akiwa zamu, atawafungulia Coleta, na ujira wake wa mwezi huu ameshapokea.